Mtoto mdogo hajui zamu: somo kwa vyama vya wakulima kabla ya mvua



Mara nyingi katika kurasa hizi tunasema juu ya mbegu, mbolea na akiba. Leo tunasema juu ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekamata kikwembe cha mama yake asubuhi na kukataa kukiacha. Musifikiri tumetoka mu kazi ya shamba. Mtoto huyu yumo ndani ya hesabu ya shamba, hata kama hakuna anayemwandika mu kaye ya ushirika.

Tuangalie namna mambo yanavyokwenda. Mvua ya kwanza inaanguka, na mahindi hayangoji: anayechelewa kupanda anavuna kidogo. Mama mwenye mtoto mgongoni analima polepole, tena anachoka mbele ya wengine. Akimwacha mtoto nyumbani, ni nani atamlinda? Mara nyingi ni yaya yake wa miaka tisa au kumi. Masomo yalianza mwezi wa 9, na mwezi wa 11 nafasi ya msichana huyu mu darasa iko wazi. Ao mtoto anawekwa chini ya muti pembeni ya shamba, karibu na siafu, nyoka na chupa ya dawa ya wadudu. Ao anabaki anacheza karibu na barabara kubwa, pale makamio ya mine yanapita kati ya Likasi na Kolwezi.

Kwa sababu hiyo kuna vikundi vinavyofikiri kuweka mahali pamoja pa kulinda watoto wadogo wakati wa kupanda na kupalilia. Wazo ni zuri. Nyumba inapatikana, mikeka inapatikana, maji yanachemshwa. Lakini asubuhi ya kwanza watoto wote wanalia pamoja. Siku ya tatu nusu ya wamama wanawarudisha mgongoni. Wiki ya pili nyumba inafungwa, na watu wanasema: "Ile kazi haiwezekane, batoto betu hawazoeye bantu bengine."

Inawezekana. Somo hili linaonyesha njia.

1. Kwa nini mtoto analia

Watu wanasema haraka: "Uyu mutoto amezoezwa mubaya, mama yake anamubeba sana." Sivyo. Mtoto wa miezi minne anaweza kupita mikononi mwa watu kumi bila shida. Kuanzia karibu miezi nane anaanza kutofautisha vizuri watu wake na wageni, na hapo woga wa kuachwa unaingia. Kwa watoto wengi woga huo una nguvu sana kati ya miezi 10 na 18, kiisha unapungua pole pole kuelekea miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo mtoto anayekulilia leo hajaharibika. Akili yake imekua: sasa anajua kama wewe ni nani, na anajua kama umeondoka. Jambo ambalo hajajua bado ni kwamba utarudi.

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alifanya kazi karibu na Kampala, Uganda. Alitembelea familia 26 nyumbani mwao, akaangalia watoto wachanga na mama zao mu maisha ya kila siku. Aliona jambo ambalo nkambo zetu pia wanalijua: mama akiwa karibu, mtoto anatambaa mbali, anashika vitu, anacheza, anageuka kumwangalia, anarudi kumgusa, kiisha anaondoka tena. Mama ni kama muti wa kivuli ambapo mkulima anaacha kikapu chake. Anatoka hapo, anarudi hapo. Muti ukiondolewa ghafula, mtoto haendi mbali zaidi. Anaacha kutembea na kuanza kulia.

Basi kazi yetu si kumfundisha mtoto kumsahau mama yake. Kazi yetu ni kumpatia muti wa pili. Na muti wa pili haupatikani kwa siku moja. Nyote mumekwisha kuhamisha miche ya tomati. Hakuna anayeing'oa mchana mu jua kali na kuiweka mu udongo mukavu. Munaihamisha jioni, pamoja na udongo wake, munaimwangilia, munaifunika. Siku za kwanza majani yanalegea, hata hivyo hamusemi mche ni mubaya. Munangoja.

2. Zamu ni nzuri kwa jembe, si kwa mtoto wa mwaka mmoja

Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka, na vinaanguka kwa sababu vinapenda haki. Ushirika unasema: "Leo mama huyu atalinda, kesho yule, kesho kutwa mwingine. Kila mtu ashike zamu yake." Kwa shamba hiyo ni sawa, kwa maana ardhi haijali mkono wa nani umeshika jembe. Lakini mtoto wa miezi 15 anajali. Akikuta uso mwingine kila asubuhi, kila asubuhi kwake ni siku ya kwanza. Mwishoni mwa mwezi atakuwa ameanza mara ishirini bila kuzoea hata mara moja.

Mtu atauliza: "Lakini sisi wote si tulilelewa na watu wengi? Nkambo, mama mukubwa, mama mudogo, jirani?" Ni kweli, na ni nguvu ya kwetu. Kule Ituri, watafiti walioishi na Waefe wa msituni mu miaka ya 1980 waliona kwamba mtoto mchanga anabebwa na watu wengi tangu siku zake za kwanza, na wanawake wengine hata wanamnyonyesha. Lakini angalieni vizuri: watu hao wengi ni wale wale wa kambi moja. Mtoto anajua sauti zao na harufu yao mbele ya kujua kutambaa. Kuwa na walezi wengi hakumuvunji mtoto. Kinachomuvunja ni walezi wasiojulikana, wanaobadilika wakati yeye mwenyewe hajaambiwa kitu.

Kwa hiyo tunashauri hivi: chagueni wamama walinzi wachache, wale wale kwa msimu wote. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, mlinzi mmoja asipite watoto watatu ao wane. Na kila mtoto awe na mlinzi wake, anayempokea asubuhi, anayemlisha, anayemlaza. Wengine wanaweza kusaidia, lakini mtoto ajue wake ni nani.

Sasa inabaki haki. Mama mlinzi naye ana shamba. Akilinda watoto wa wenzake na mahindi yake yakakosa kupandwa, mwaka ujao hamtapata mlinzi. Tupige hesabu ya mfano. Kikundi kina wamama 12 wenye watoto wadogo 12. Watatu wanachaguliwa kuwa walinzi, na kila mmoja anaangalia watoto wane, wake akiwa kati yao. Wanalinda asubuhi 5 kwa wiki. Maana yake walinzi watatu wanapoteza asubuhi 15 za kulima. Wanabaki wamama 9. Kila nyumba ya hao 9 itoe asubuhi 2 kwa wiki mu mashamba ya walinzi: moja ya mama, moja ya baba ao kijana mukubwa aliyemaliza masomo. Hiyo ni asubuhi 18. Deni la 15 limelipwa, na asubuhi 3 zinabaki kuwa akiba kwa wiki ambayo mlinzi ao mtu wa nyumba yake atagonjwa. Andikeni hesabu hiyo mu kaye, kama vile munaandika mifuko ya mbolea. Zamu inabaki, lakini inabaki ku shamba.

3. Wiki mbili mbele ya mvua

Musianze siku ya kupanda. Siku hiyo kila mama ana haraka, na mtoto anasikia haraka ya mama yake kama vile anasikia baridi. Anzeni mu mwezi wa 10, wakati udongo ungali mukavu na kazi ya shamba si nyingi. Na musilete watoto wote siku moja. Wawili wawili inatosha, juu kilio kinaambukiza: mmoja akianza, wote wanafuata.

Kule Berlin, Ujerumani, watafiti wa malezi ya watoto wadogo walitengeneza mu miaka ya 1980 utaratibu wa kuzoeza mtoto ambao sasa unafuatwa mu sehemu nyingi. Haudai franka. Unadai mzazi na siku chache za uvumilivu. Tumeuweka hapa kwa namna inayofaa vijiji vyetu.

Siku ya 1 mpaka ya 3: mama anakuja na mtoto, wanakaa saa moja hivi, wanarudi pamoja. Mama haondoki hata kidogo. Anakaa ku mukeka mahali pamoja, anafanya kazi ndogo, labda kubambula karanga. Hamsukumi mtoto aende kucheza, na hamkatazi kurudi. Mama mlinzi anakaribia pole pole: anaweka kopo na vijiti karibu, anacheza bila kumshika kwa nguvu, anajifunza namna mtoto anapenda kubebwa na kulazwa.

Siku ya 4: mama anaaga, anatoka, anakaa nyuma ya nyumba ao kwa jirani. Hapa tunapima. Mtoto akilia kidogo na kukubali kutulizwa na mlinzi, mama angoje mpaka nusu saa, arudi. Mtoto akilia kwa nguvu na kukataa kabisa mikono ya mlinzi, mama arudi kiisha dakika mbili ao tatu. Hakuna kushindwa hapo. Mtoto huyu anahitaji siku nyingi zaidi za kukaa pamoja, labda wiki nzima, mbele ya kujaribu tena.

Siku zinazofuata: muda unaongezwa pole pole. Saa moja, kiisha mpaka uji, kiisha mpaka usingizi wa mchana. Mama awe mahali ambapo anaweza kuitwa. Siku mtoto amefika kiisha mapumziko ya mwisho wa wiki, musishangae akilia tena. Rudini hatua moja nyuma, kiisha endeleeni.

Baba, ao nkambo, anaweza pia kufanya siku hizi pamoja na mtoto. Kuna watoto wanaoachana na baba kwa utulivu kuliko na mama, hasa wale wangali wananyonya.

4. Kuaga ni kuaga

Mama wengi wanatoroka. Wanangoja mtoto aangalie kuku, wanapita mlango wa nyuma. Tunaelewa: kilio kinauma roho. Lakini mtoto anageuka, anakuta hakuna mtu, na anajifunza jambo moja tu: mama anaweza kupotea wakati wowote. Kesho yake hataangalia kuku tena. Atakushika tangu nyumbani, na usiku ataamka mara kwa mara kukutafuta.

Aga kwa maneno machache, na maneno yawe yale yale kila siku. Kwa mfano: "Mama anaenda ku shamba. Utakula uji, utalala kidogo, kiisha mama anarudia." Mtoto hajui saa, lakini anajua uji na usingizi. Mpe mlinzi mkononi, toka, usirudi dirishani kuangalia. Kurudi mara tatu kunamuchosha mtoto kuliko kuondoka mara moja. Na ukisema utarudi kiisha usingizi, rudi kiisha usingizi. Ukichelewa kwa sababu ya mvua, mtu wa kikundi akimbie kumwambia mlinzi, na mlinzi amwambie mtoto. Neno la mama linafanya kazi kama neno la ushirika: likivunjwa mara mbili hakuna anayeliamini.

Achia mtoto kitu chenye harufu ya nyumbani. Kikwembe ulichovaa jana kinatosha. Mlinzi asikifue, asikinyang'anye, asimcheke. Kadiri siku zinavyopita mtoto mwenyewe atakiacha ku mukeka na kuenda kucheza.

Mlinzi naye anahitaji maneno. Mtoto akilia, asiseme "Nyamaza, mama amekuacha", wala asimtishe kwamba mama hatarudi. Aseme kitu cha kweli: "Unamutaka mama. Mama iko ku shamba. Atarudia." Kiisha ambebe mgongoni na aendelee na kazi. Mgongo unatuliza kuliko maneno.

5. Kimya si kuzoea

Hapa tunaomba musome pole pole. Mwaka 1952 Muingereza mmoja, James Robertson, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyewekwa hospitalini London siku nane bila wazazi wake kukaa naye. Siku hizo wafanyakazi wa hospitali walikuwa wakisema: siku za kwanza mtoto analia, kiisha anatulia, anazoea. Filamu ilionyesha mambo mengine: mtoto anayejikaza asilie, huku huzuni ikimrudia mara kwa mara, na siku ya kurudi nyumbani alikataa kumshika mama yake mkono. Kazi hiyo ilisaidia hospitali za Uingereza kufungulia wazazi milango.

Kwa hiyo musihesabu machozi tu. Mtoto anayelia mlangoni dakika tano, kiisha anakula na kucheza, anaendelea vizuri. Mtoto asiyelia hata kidogo lakini anakaa ku pembe, hali uji, hachezi, haangalii mtu, huyo ndiye wa kuogopea. Alama ya kuzoea ni hii: akianguka ao akiogopa, anamkimbilia mlinzi wake na anakubali kutulizwa naye. Mukiona hivyo, mujue muti wa pili umeshika mizizi.

Jioni mtoto anaweza kukulilia zaidi kuliko zamani, kukataa ushuke kikapu, kutaka ziwa kila wakati. Asipigwe. Alibeba uzito siku nzima, sasa anautua kwako. Kaa naye kidogo mbele ya kusonga bukari, ao mfunge mgongoni ukiwa unasonga.

6. Siku za kungoja

Musianzishe mtoto mu wiki ambayo anaachishwa ziwa, ao mama yake amejifungua, ao ametoka ku ugonjwa. Jambo moja kubwa kwa wakati mmoja. Juu ya ziwa: mashauri ya afya ni kumnyonyesha mtoto mpaka miaka miwili na zaidi pamoja na chakula, na kuja mahali pa kulinda watoto hakumlazimishi kuacha. Mama anyonyeshe asubuhi mbele ya kuondoka na tena akirudi. Shamba likiwa karibu, apite katikati ya kazi.

Mtoto aliyekwisha kuzoea akianza ghafula kulia bila kutulizwa, mumguse kwanza mwili kabla ya kusema ni tabia. Inaweza kuwa homa, sikio, ao tumbo. Akiwa na homa, ao hawezi kunyonya wala kunywa, ao anatapika kila kitu, ao anastuka mwili, ao analala na hamuwezi kumwamsha, musingoje jioni: mama aitwe na mtoto apelekwe ku kituo cha afya siku ile ile. Mlinzi awe na karatasi yenye jina la kila mtoto na la shamba ambapo mama yake anafanya kazi. Mahali penyewe pawe mbali na barabara, bila shimo la maji, na dawa za shamba zisiingie humo hata siku moja.

Maswali ya kujadili mu mkutano wa mwezi wa 9

Someni somo hili kwa sauti, kiisha muulizane:

- Kati yetu, ni watoto wangapi walio chini ya miaka mitatu? Msimu uliopita walilindwa na nani?
- Ni wasichana wangapi walikosa masomo wakati wa kupanda kwa sababu ya kulinda mdogo wao?
- Ni wamama gani ambao watoto wanawakimbilia wenyewe? Hao ndio wa kuombwa kwanza kuwa walinzi.
- Mashamba yao tutayalima siku gani, na nani ataandika mu kaye?
- Wababa, asubuhi yenu moja kwa wiki itakuwa ipi?

Mukimaliza, musiondoke bila kuandika majina ya walinzi na tarehe ya siku ya kwanza. Mbegu zitangoja mu mufuko mpaka mvua ifike. Siku za kuzoea mtoto lazima zihesabiwe kurudi nyuma kutoka mvua hiyo, na ni wiki mbili tu. Zikitumiwa vizuri, mvua ya kwanza itawakuta wamama ku shamba mikono yote miwili ikishika jembe, wasichana mu darasa, na mdogo wao ku mukeka akingoja uji, akijua kama kiisha usingizi mama anarudia.